Siku Baba Alipolegeza Mshipi

Juzi nilikuwa Bidiya, katika shamba la mitende la mteja wangu mmoja, tumeifungua pampu iliyokuwa ikilia kama mbuzi aliyesahauliwa juani. Fundi wangu alipoitoa beringi iliyopasuka, gololi zake zikamwagika juu ya sinia la chuma. Zikakimbizana, zikagongana, zikanyamaza. Kelele yenyewe haikuchukua muda wa kumeza mate, lakini mimi niliweka spana chini, nikakaa juu ya tofali, nikaomba maji. Mafundi wakadhani ni jua. Wakanisogezea mwavuli, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Halikuwa jua. Ilikuwa sauti ya kopo la baba yangu.

Kabla sijaendelea, ni haki yenu kumjua anayezungumza nanyi. Mimi ni Zuwena, mwenye diploma ya ufundi wa umeme na mitambo, niliyoipata kwa kusoma jioni huku mchana nikiuza vipuri dukani kwa watu. Leo pampu nilizozifunga zinavuta maji kuanzia Birkat al Mauz, chini ya mlima, mpaka Al Kamil wal Wafi. Nina magari ya kazi, nina mafundi, na nyumba yangu hapa Ibra, Omani, watu huionyesha wageni wao. Wale waliokuwa wakiniuliza fundi mwenyewe yuko wapi, nami nimesimama mbele yao na grisi mpaka viwikoni, siku hizi hunitafuta kwa simu kabla ya sala ya alfajiri. Siyasemi haya kwa kujisifu. Au basi, nayasema kwa kujisifu. Nikinyamaza, nani atanisemea?

Tulitoka Naivasha, bara la Kenya. Babu mzaa baba alikuwa mtu wa Ibra aliyefuata biashara ya ngozi mpaka kule kwenye baridi, akaoa mwenyeji, akazikwa kule. Baba alizaliwa kando ya ziwa, akawa fundi wa mashine za kuvutia maji katika mashamba ya mboga. Alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko virefu. Kila Jumapili alfajiri ilimkuta amesimama kati ya mafunjo, ukungu umemfika kiunoni, akivua besi.

Besi ni samaki wa maji baridi, mgeni kule kama sisi. Aliletwa zamani na Wazungu waliotaka mchezo. Ana mdomo mpana kuliko adabu zake. Baba alisema besi hali kwa njaa peke yake, hula kwa hasira. Pitisha kitu chenye kelele mbele ya maskani yake, atakivamia ili akifukuze, kama jirani asiyetaka watoto wacheze ukutani kwake. Ndiyo maana baba hakuvua kwa minyoo. Alivua kwa njuga.

Njuga ndilo jina alilowapa samaki wake wa bandia wenye ndoana. Kuna wale wa kawaida wenye ulimi wa plastiki mbele, kama kijiko, unaowafanya wazame na kuyumba. Wa baba hawakuwa na ulimi. Walikuwa bapa, wembamba, kama kipande cha embe bichi lililokatwa upande mmoja, na mshipi ulifungwa mgongoni, si puani. Tumboni mlikuwa na gololi ndogo. Ukimvuta majini hutetemeka mwili mzima na kupiga kelele, na ule mtetemo hupanda kwenye mshipi, ukaingia kwenye ufito wa kuvulia, ukafika mkononi. Baba alikuwa akiniwekea mkono wangu juu ya wake ili niusikie. Ulikuwa kama kumshika ndege aliye hai.

Hakununua hata nusu yake. Ziwa liliporudi nyuma wakati wa ukame, mizizi ya mafunjo ilibaki wazi, imejaa njuga zilizowakatikia wavuvi wa starehe waliotoka Nairobi. Tulizichuma kama matunda, mimi na yeye, tukazitia katika kopo la biskuti. Kopo likitikiswa, nyumba nzima ilijua kesho ni Jumapili.

Kuchagua lilikuwa somo, na mwanafunzi alikuwa mimi, kifungua mimba wake. Maji yakiwa na tope, alisema, samaki hatumii macho, basi mpe kelele, na mpe rangi nzito. Maji yakiwa meupe, punguza ngoma, mpe fedha inayometa. Asubuhi ya baridi vuta taratibu, kwa sababu hata samaki hupenda kulala. Penye majani, iache njuga izame mpaka iguse, inaswe kidogo, halafu uing'oe kwa ghafla. Hapo inapochomoka ndipo anapouma. Lakini nyekundu ndiyo iliyokuwa bibi harusi wa kopo lile. Ziwa la Naivasha lina kamba wa maji baridi, wekundu kama pilipili kavu, na besi akila kamba hasikii la mwadhini. Baba alipokuwa na shaka yoyote, alifunga nyekundu.

Nilikuwa darasa la tatu tulipohamia Ibra. Mama alifurahi, kwani ndugu zake walikwisha kutangulia na kupata kazi. Baba naye alipata kazi ya gereji, mshahara mzuri, nyumba yenye kiyoyozi. Lakini maneno yake aliyaacha kiwanja cha ndege. Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia, si cha kununulia nyanya. Mtaani walimwita Zinjibari, yeye ambaye Zanzibar hakuwahi kukanyaga, na mwanzoni alikuwa akieleza kwamba yeye ni mtu wa bara, wa ziwani, mpaka akachoka akawa anaitika. Kila jioni alizing'oa njuga ndoana zake, akasimama uani na kuzitupa kuvuka ua mzima, zitue ndani ya beseni la mama la kufulia. Watoto wa jirani walipanda ukutani kutazama mtu anayevua beseni. Hakukosea hata mara moja. Hakucheka pia.

Kisha ikaja simu ya kutoka Naivasha. Bibi, mamake baba, alikuwa ameanguka akavunjika nyonga. Alikuwa amekataa kuja nasi tangu mwanzo. Alisema hawezi kuishi nchi isiyokuwa na ukungu. Sasa alikuwa kitandani, na aliyemwangalia alikuwa mtoto wa jirani. Ami zangu wa Ibra, watu wa ukoo wa babu, walishauri aletwe kwa nguvu. Baba alisema mamake haletwi kwa nguvu, hata babu alimpata kwa kubembeleza. Akasema atakwenda yeye, miezi mitatu tu.

Katika familia zetu zilizotoka bara, miezi mitatu ilikuwa na maana yake. Rafiki yangu wa skuli, babake alikwenda Burundi miezi mitatu kuuza kiwanja, na yule rafiki alimaliza skuli bado kinauzwa kile kiwanja. Mama alilijua hilo. Alikuwa akipika kimya, na chumvi ikawa inazidi. Mimi sikuweza kunyamaza. Nilijua kitu kimoja tu kuhusu baba yangu, kwamba akiwa na samaki mkononi huwa hana haja ya kwenda popote.

Wiki moja kabla ya safari, Khalo Hamdan, kaka yake mama aliyekaa Sur na kuvua kwa mshipi wa mkono tangu alipohamia, alitualika siku ya mapumziko. Tulipita Bidiya, mchanga mwekundu umejaa mpaka ukingo wa barabara, tukanywa chai ya maziwa Al Kamil. Baba alichukua kopo na ufito wake. Mimi nilikaa nyuma, kopo mapajani, na baada ya Al Kamil nikasogeza kichwa kati ya viti.

"Baba, ukipata samaki leo, huendi."

Mama akageukia dirishani. Baba akanitazama katika kioo, na kwa mara ya kwanza tangu tuje Omani nikaliona lile jino lake la pembeni linalotokeza akicheka.

"Nikipata samaki leo, siendi."

Baba hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Alipoahidi peremende, hata zikikosekana dukani angezunguka mji mzima. Kwa hiyo tulipoingia Sur, na harufu ya dagaa waliotandazwa kukaushwa kuwa chakula cha ngamia ikaingia garini, mimi nilihisi imekwisha kuwa. Kilichobaki ni kuchagua vizuri.

Baba na Khalo walisimama kwenye mawe ya hori, pale bahari inapoingia mjini kwa mlango mwembamba. Maji yalikuwa yanajaa, na yalikuwa meupe hivi kwamba niliviona vivuli vya samaki vikipita juu ya mchanga. Khalo Hamdan alimtazama baba akipitisha mshipi wake wa ziwani kwenye matundu ya ufito, akaushika kwa vidole viwili.

"Shemeji, huu mshipi au uzi wa kushonea kofia?"

"Kofia haishonwi kwa kamba ya ng'ombe," baba akamjibu, maana mshipi wa Khalo ulikuwa mnene kama huo. Wakacheka wote wawili. Mama, aliyekaa nyuma kidogo na chupa ya kahawa, naye akacheka. Nawaambieni, kama ningeweza kuufunga ule wakati kwa boliti, ningeufunga.

Baba alifunga nyekundu. Hilo ndilo kosa ambalo mtu wa Naivasha peke yake angelifanya, kwenda na kamba wa ziwani kwenye bahari ya dagaa. Alitupa, akavuta, akatupa tena. Alizijua sheria zake zote, maji meupe, fedha inayometa. Yeye ndiye aliyenifundisha. Lakini mkono wake ulikuwa bado uko kule kwenye mafunjo. Nilimwona akifumba macho anapovuta, ufito umemtulia kiganjani, uso umelegea kama wa mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Khalo alikwisha kupata wawili wadogo kwa vipande vya ngisi. Jua likaanza kuinama. Mama akaanza kukunja mkeka.

Nilifungua kopo, nikaitoa njuga ya fedha yenye mgongo wa bluu, iliyochubuka ubavuni. Nikampa. Aliifunga, akaitemea mate kidogo kama alivyozoea, akaitupa mbali, pale mkondo ulipokuwa ukigeuka.

Hakuivuta hata nusu ya njia. Ufito ulipinda mpaka nikadhani umekatika, na rili inayokunja mshipi ikapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia ziwani. Alikuwa kolekole, samaki wa baharini, tulimtambua kwa sababu aliruka ubavu mara moja, mpana kama sinia la wali, akarudi chini na kuelekea baharini. Besi akinaswa hurukaruka na kutikisa kichwa, hana safari. Huyu alikuwa na safari.

"Kaza!" Khalo alisema. "Kaza shemeji, anakwenda mlangoni!"

Na hapo nikaona kwa macho yangu mawili mkono wa baba ukienda kwenye breki ya rili, kile kigurudumu kidogo kinachoamua mshipi utoke kwa shida au kwa urahisi. Haukuzungusha kwa kukaza. Ulizungusha kwa kulegeza. Mshipi ukatoka. Ukatoka kwa ulaini, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango, na yule samaki akazidi kwenda. Khalo alirudia kusema kaza. Baba hakukaza. Alitembea juu ya mawe akimfuata, ufito umeuinua juu, vidole viko pale pale kwenye breki, na mara nikamwona tena akilegeza kidogo. Mwishowe samaki akazunguka jiwe kubwa lililojaa chaza wenye makali, na ufito ukanyooka. Basi. Upepo ukaubeba mshipi mtupu juu ya maji.

Khalo alisema maneno ya kawaida ya wavuvi, kwamba riziki si yetu. Nilimwendea baba, nikasimama mbele yake.

"Umemwachia makusudi."

Alinitazama, kiganja kimoja amekifumba. "Ndivyo ulivyoona?"

"Ndivyo."

Hakukana. Alikunja mshipi wote mpaka ncha yake ikaingia, akautia ufito ndani ya gari, akanipangusa mchanga miguuni kabla sijapanda, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Wiki iliyofuata alisafiri, na kiwanja cha ndege nilimpa mkono, nikasema shikamoo, sikumkumbatia.

Miezi mitatu ikawa kama ile ya wenzetu. Bibi hakupona, lakini hakufa pia. Aliishi miaka, kitandani, na baba akimgeuza, akimlisha, akimbeba kwenda juani. Pesa alituma. Alikuja mara mbili kututazama, mgeni mwenye koti la baridi mkononi, na mara zote mbili nilikuwa na mtihani. Bibi alipofariki, yeye mwenyewe alikuwa na kifua kibovu, na madaktari wa kule wakamkataza ndege. Amelala Naivasha, jirani na mamake. Nilipata habari nikiwa katika mwaka wa mwisho wa diploma. Nilifanya mtihani keshoye, nikawa wa kwanza darasani.

Nilikuwa nimesoma kwa hasira, nakiri bila haya, na hasira ni mafuta mazuri, inawaka muda mrefu. Kila mwalimu aliyeniambia ufundi si kazi ya binti, nilimwona baba akilegeza breki. Kila mlango ulioanza kufungwa niliutia mguu, nikijiambia kwamba mimi si mtu wa kuachia.

Mwaka jana mwanangu, ambaye ni mvivu wa vitabu lakini hodari wa kuomba, alinivuta Sur kununua vifaa vya kuvulia. Nilimchagulia njuga mwenyewe, nikakataa nyekundu, na muuzaji akaniuliza nimejifunza wapi. Tukasimama kwenye mawe yale yale. Mshipi aliochukua ulikuwa mwembamba, na nilipoutupa mimi, kolekole akauma. Nikakaza. Nilikaza kama nilivyokaza kila kitu maishani mwangu, na mshipi ukakatika papo hapo, kwa mlio mdogo mkavu.

Nilibaki nimeushika ufito. Mimi ambaye kila siku nahesabu waya huu unabeba mzigo gani, kamba hii inainua pampu ya uzito gani! Mshipi mwembamba ukikazwa juu ya samaki mzito unakatika, hilo halihitaji hata diploma. Ukitaka kumpata, unamlegezea. Unamwacha aende mpaka achoke, unamfuata kwa miguu, unalegeza tena, na unamwomba Mungu asikutane na jiwe. Khalo, mwenye mshipi kama kamba, ilikuwa haki yake kusema kaza. Mwenye uzi wa kofia na anayetaka samaki wake apotee, huyo ndiye angekaza.

Baba hakukaza.

Nilimrudisha mtoto nyumbani, nikaenda moja kwa moja kwa mama. Siku hizi anaishi nyumba ya jirani na yangu. Nimemjengea yenye baraza, na haonekani kuijali baraza yenyewe. Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza yote, rili, breki, uzito, chaza, nikizungumza kwa haraka kama niliyeleta habari kubwa mjini. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kutoa mawe.

"Najua," akasema. "Vidole vyake vilichanika. Alijaribu kuushika mshipi kwa mkono ulipofika kwenye jiwe. Nilimfunga mimi usiku ule, wewe umelala."

Nikamwuliza mbona hakuniambia, miaka yote hii. Mama aliupepeta mchele, pumba zikaruka, akauweka ungo mapajani.

"Nilitaka kukwambia siku ile ile. Yeye alinikataza. Alisema, mwache anikasirikie. Mtoto aliyemkasirikia babake atasoma. Anayemsubiri babake atakaa mlangoni."

Kisha akanisogezea ungo nimsaidie, maana macho yake yamepungua.

Nilisoma, kama alivyotaka. Nimefika nilikofika, na wenye kuniona wananiona. Lakini tangu siku ile, ile hasira haiko tena mahali pake, nimeitafuta sijaiona, na jioni mafundi wakishaondoka huwa natoka nje nikavuta kiti. Nyumba yangu inatazama barabara ya Sur. Gari likipunguza mwendo kwenye kona, mimi huinua kichwa.